Siku Fundi Alipotufuata kwa Baiskeli

Lori la mjomba wangu lilikuwa limechoka tangu siku alipolinunua. Alilipata kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na siku ya kwanza liliingia Ntalikwa likivutwa na ng'ombe, kwa sababu mjomba hakujua kuendesha na hakumwamini mtu yeyote wa mjini kumwachia usukani. Alikuwa mkulima wa mahindi na karanga, mwanamume mpole asiye na haraka, na kwa majuma kadhaa lile lori lilikaa uani kwake kuku wakilala chini yake.

Ndipo mimi nikarudi kutoka vitani Burma. Jeshini walikuwa wamenifundisha kuendesha magari makubwa kwenye matope na milima, na nilirudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini na sita, viatu vigumu vya ngozi, na majivuno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya kidogo. Mjomba alinizungusha lori lile mara mbili, akanionyesha tairi moja moja kama mtu anayeuza ng'ombe, kisha akaniambia kwamba gari ni lake lakini usukani ni wangu. Tukaanza kazi. Tulibeba mahindi, karanga, mihogo mikavu, na nta ya nyuki kutoka vijiji vya porini, na watu waliotaka kupanda juu ya mizigo hiyo walipanda.

Mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, binti wa mjomba alichumbiwa na kijana wa Usoke. Wakwe walikuwa wakulima wa tumbaku, Wakatoliki kama sisi, na ndoa ilipangwa ifungwe kanisani kwao siku ya Jumamosi. Mjomba alitangulia kwa treni siku ya Alhamisi ili akae na wakwe na kumwona padri. Sisi wengine tungemfuata Ijumaa kwa lori. Treni ingetutosha sote, lakini mjomba alitaka binti yake ateremke mbele ya wakwe kutoka kwenye gari la baba yake. Jambo hilo aliliwekea mkazo nyumbani, akalirudia njiani, na alipokwisha kupanda behewa alitoa kichwa dirishani akanikumbusha tena.

Tatizo lilikuwa rejeta. Kwa muda wa mwezi mzima lori lilikuwa linakunywa maji kuliko petroli, na maji yaliyotoka humo yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa mtama. Nikalipeleka Gongoni, mjini Tabora, kwa fundi.

Gereji ya fundi yule ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa bucha. Yeye alikuwa mtu wa mjini hasa, Mwislamu wa ukoo uliokaa Tabora vizazi vingi. Babu yake alikuwa akitengeneza magobori ya misafara iliyokwenda Ujiji, baba yake alifua majembe na kufuli, na yeye mwenyewe alianza kazi ya vyuma akiwa kijana, reli ilipokuwa ikifika mji wetu. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu chache nyeupe, na alifanya kazi akiwa amevaa kofia yake ya kazi iliyokuwa nyeusi kwa grisi. Alikuwa na desturi ya kugusisha bisibisi kwenye injini inayonguruma na kuweka sikio kwenye mpini wake, akafumba macho, akasikiliza. Mimi niliyefundishwa kwa vitabu vyenye picha nilikuwa nikimtazama na kucheka moyoni.

Kazi aliianza Alhamisi mchana. Aliteremsha rejeta, akaisafisha, akakwangua kutu kwenye mdomo wa injini mahali unapoingia mpira wa chini, akabadilisha mpira wenyewe uliokuwa umepasuka. Ijumaa, adhana ya sala ya mchana ilipokaribia, alikuwa amekwisha kufunga kila kitu na kujaza maji. Akanawa mikono kwa majivu na sabuni.

"Mwanangu, kaa hapa kivulini," aliniambia. "Nikirudi msikitini tutaliwasha tuliache lipate moto, nilisikilize. Kisha uende salama."

Nikamwitikia kwa heshima. Akaenda zake, na mimi nikakaa kivulini kwa muda unaotosha kumaliza sigara moja.

Karibu na stesheni, kwenye baraza ya nyumba ya jamaa yetu, watu wangu walikuwa wakinisubiri tangu asubuhi. Mama yangu, ambaye ndiye shangazi wa bibi harusi na kwa hiyo ndiye mkuu wa safari, alikuwa tayari amenitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama nimelala. Nikalitazama lori. Rejeta ilikuwa imejaa, mpira ulikuwa mpya, hapakuwa na tone lililovuja chini. Nikajiambia kwamba mimi ni dereva wa jeshi, nimevuka mito iliyojaa mvua za Burma, sihitaji mzee anisikilizie injini. Nikatia handeli, likawaka mara ya kwanza, nikaondoka. Mwenye bucha alinyanyua kisu chake kuniaga.

Mama aliponiuliza kama fundi ameridhika, nilisema ameridhika.

Walipanda wanawake tisa na mizigo yao: magunia ya mchele, masufuria yaliyofungwa kwa kamba, mikeka, kuku ndani ya tenga. Bibi harusi alikaa mbele pamoja nami, na kati yetu akakaa bibi yetu, aliyewazaa mjomba na mama yangu, ambaye hakuwa na meno mengi lakini alikuwa na macho makali. Njia ya Usoke ilikuwa ya mchanga, ikipita kati ya miti ya miyombo na mininga iliyokauka, reli ikiwa upande mmoja, wakati mwingine ikionekana na wakati mwingine ikipotea. Bibi alituambia kwamba baba yake alipita njia hiyohiyo akiwa na pembe ya ndovu begani, na kwamba alipofika mahali penye mchanga mwingi alikuwa akiwatukana Waarabu kwa Kinyamwezi, wakidhani anaimba. Bibi harusi alicheka mpaka akashika dirisha.

Kwenye kizuizi cha mbung'o, ambapo magari hukaguliwa yasibebe nzi hao wa malale, tulisimama kama kawaida. Askari wa mbung'o alizunguka lori na wavu wake mdogo, akapiga turubai, akatazama chini ya kiti, akaturuhusu. Ni pale nilipoona mvuke wa kwanza ukitoka mbele ya boneti. Ulikuwa mwembamba, nikasema ni vumbi.

Maili mbili mbele haukuwa vumbi. Injini ilianza kupiga kelele kama sufuria yenye mfuniko, nguvu zikapungua, na harufu ya rangi iliyoungua ikaingia ndani. Nikalisimamisha pembeni. Nilipofungua boneti, mvuke uliruka juu ya kichwa changu.

Tulisubiri lipoe. Wawili kati yao walikwenda kuchota maji katika kisima cha kijiji kilichokuwa karibu, wakarudi na madebe kichwani, nikajaza. Nikaliwasha. Halikufika hata nusu maili likachemka tena, na safari hii vibaya zaidi. Nikakagua mkanda wa feni, ulikuwa mzima. Nikakagua feni, ilizunguka. Rejeta ilijaa maji, tena maji safi, lakini nilipoigusa ilikuwa baridi huku injini ikiunguza kama jiko. Jambo hilo sikulielewa. Dereva mwenye akili angekaa akalifikiria. Mimi nilikuwa na wanawake tisa, bibi kizee na bibi harusi wakinitazama mgongoni, na nilihitaji kusema kitu.

Nikasema ni fundi. Nikasema gaskiti imekufa kwa sababu hakuifunga sawasawa, na kwamba wazee hawa wa mjini walipaswa kubaki na majembe. Nikasema mengi. Nilieleza jinsi anavyosikiliza gari kwa bisibisi kama mganga, na baadhi ya wanawake wakacheka, na kicheko chao kikanipa moyo wa kuendelea.

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya gunia, mkono shavuni.

"Si ulisema ameridhika?" aliuliza.

Nikasema aliridhika, ndiyo maana namlaumu.

Tukashusha mikeka. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja gari lolote lipite, na siku zile ungeweza kungoja mpaka kesho yake. Lakini nisiseme kwamba watu walihuzunika. Kulikuwa na kivuli, maji yalikuwepo, na mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza mizinga ya magome hapo msituni alisikia sauti zetu akaja na asali ndani ya kibuyu. Wanawake walianza kumfundisha bibi harusi nyimbo ambazo shangazi zake huimba mlangoni. Bibi alisahihisha maneno. Mimi peke yangu ndiye niliyekaa mbali, nikijifanya nakaza nati ambazo hazikulegea.

Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia nilipoona baiskeli. Mwanzoni niliona kofia tu, ikipanda na kushuka juu ya mchanga. Kisha nikaona ndevu, kisha mfuko wa zana uliofungwa nyuma, nikamtambua fundi. Alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye magoti. Alishuka kabla hajatufikia, akaisukuma baiskeli hatua za mwisho kama mtu anayeingia ua wa watu.

Hakunitazama kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetoka wapi na jua hili?"

"Mjini. Poleni sana. Kosa ni langu. Nimesahau kitambaa ndani ya mdomo wa injini, maji hayapiti."

Alieleza bila haraka, wote wakisikiliza. Alipokuwa akikwangua kutu alikuwa ameziba mdomo ule kwa kitambaa ili uchafu usiingie ndani. Vitambaa vyake vilikatwa kutoka kanga moja kuukuu ya mkewe, na kila Ijumaa baada ya sala alivikusanya vikafuliwe. Leo alipovitandaza aliona kipande kimoja hakipo, kile chenye pindo. Alikitafuta bandani, akakumbuka mahali alipokiweka. Akaazima baiskeli ya mwenye bucha, akatufuata. Kwenye kizuizi cha mbung'o yule askari alimwambia kwamba tumepita tukitoa mvuke, na hapo akajua yuko kwenye njia sahihi.

Maili kumi na sita za mchanga, mtu wa umri wake. Nilisimama na spana mkononi nikingoja aseme yaliyobaki: kwamba aliniambia nimsubiri, kwamba kama ningesubiri lori lingechemka palepale mbele ya bucha na kitambaa kingetolewa kabla chai haijapoa. Wanawake pia walikuwa wakingoja, ingawa hawakujua wanangoja nini.

Hakusema. Alivua kanzu, akaikunja, akamwomba mama amshikie, akaingia chini ya lori kwa fulana. Alilegeza mpira wa chini, maji yakamwagika mchangani, kisha akaomba waya. Mwanamke mmoja alichomoa mkono wa waya wa ndoo. Akaukunja kama ndoana, akaingiza, akavuta taratibu, na kitambaa kikatoka kirefu, chekundu, kikichuruzika. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilikuwa vya kwanza vya harusi ile. Alikikamua, akakitundika kwenye usukani wa baiskeli kikauke.

Tulipojaza maji na kuwasha, wanawake walianza kupanda. Yeye akanyanyua mkono.

"Safari hii tutalisikiliza," alisema, kwa sauti ndogo, kwangu mimi tu.

Tukaliacha lingurume mpaka likapata moto. Aligusisha bisibisi kwenye injini, akaweka sikio, akafumba macho. Kisha akanipa mpini, akanionyesha mahali pa kugusisha. Nikasikia maji yakipita ndani ya chuma. Nilikuwa nimeendesha magari kwa miaka sita na sikuwahi kuyasikia.

Hatukukubali arudi kwa baiskeli. Mama ndiye aliyeamua, na mama akiamua huwa imekwisha. Baiskeli ikafungwa juu ya magunia, yeye akakaa nyuma pamoja na kuku, na tuliingia Usoke jua likiwa linazama nyuma ya mabani, mabanda ya kukaushia tumbaku. Bibi harusi aliteremka mbele ya wakwe kutoka kwenye gari la baba yake, uso umejaa vumbi, na mjomba, aliyekuwa amesimama barabarani tangu saa tisa, alilishika bawa la lori juu ya tairi kama anayeshika shavu la mtoto.

Usiku ule fundi alilala kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pale stesheni. Asubuhi kulikuwa na jambo la mbuzi. Wakwe walikuwa wamealika watu wa dini zote, na mtu waliyemwomba achinje ili Waislamu nao wale alikuwa ameamka na homa. Baba wa bwana harusi alimwendea fundi akiwa amevua kofia, akamwomba. Fundi alisema ni heshima kwake. Alichinja mbuzi wanne kabla kengele ya kanisa haijalia, akanawa, akavaa kanzu yake, na wakati wa misa alikaa nje chini ya ukingo wa paa pamoja na wageni wengine Waislamu, akisikiliza nyimbo.

Karamuni habari ya kitambaa ilikuwa imeenea. Msemaji wa sherehe, mtu mwenye maneno mengi, alimpa jina la Fundi Kitambaa na kila alipomtaja watu walicheka. Alisema wageni wakague wali kabla ya kula, huenda ndani mna kipande cha kanga. Fundi alicheka nao. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, sahani mbele yake, na kicheko chake hakikuwa cha kujilazimisha. Nadhani angerudi Tabora na jina lile na kulivaa miaka yote bila kusema neno.

Mimi nilisukuma sahani pembeni. Nilikuwa nimekula nao, nimecheka nao mara moja, na mara ya pili sikuweza. Nikasimama. Watu walidhani nataka kutoa zawadi, wakanigeukia.

Nikawaambia kwamba fundi aliniagiza nimsubiri arudi msikitini tulijaribu lori, na sikumsubiri. Nikawaambia kwamba kama ningesubiri, hakuna mtu ambaye angeshinda njiani na njaa wala kuchota maji kisimani. Nikasema kwamba yeye alinisitiri mbele ya mama yangu na bibi yangu, na mimi nilimtukana wakati yuko njiani anakuja kutuokoa. Sikuwa msemaji mzuri. Sehemu ya mwisho niliisema nikitazama viatu vyangu.

Mama alinitazama, kisha akarudi kwenye sahani yake, nikajua nimesamehewa, ingawa ningeisikia habari hiyo tena. Mjomba ndiye aliyesema kwanza.

"Kumbe nilikuwa na wazembe wawili," alisema, "na mimi nilidhani nina mmoja."

Kicheko kilichofuata kilimfanya msemaji asubiri kabla hajapata nafasi. Fundi aliinua mkono kuomba kusema.

"Mimi nilisahau, yeye aliharakisha," alisema. "Mwenye akili lilikuwa lori. Lenyewe lilikataa kwenda."

Baada ya hapo jina la Fundi Kitambaa lilipotea. Labda lilipoteza ladha. Alinipisha kwenye mkeka wake nikakaa, akanisogezea nyama ya ubavu. Hatukuzungumza habari ile tena, siku ile wala baadaye. Tulizungumza habari za injini. Nilimwuliza kwa nini rejeta ilikuwa baridi wakati injini inaungua, akanieleza kwa kuchora na kidole juu ya mkeka jinsi maji yanavyozunguka, yanavyotoka juu yakiwa moto na kurudi chini yakiwa yamepoa, na nikaelewa kwa dakika chache kitu ambacho picha za jeshini hazikunifundisha.

Tangu mwezi ule, siku ambazo hapakuwa na mizigo nilikwenda Gongoni kushinda bandani kwake. Nilikuwa mtu mzima, dereva anayejulikana, na nilikaa chini ya magari ya watu nikimpokeza spana. Sikuona aibu. Miaka iliyofuata nilifungua banda langu mwenyewe upande wa pili wa mji, kwa baraka zake.

Lakini Jumapili ile hayo yote yalikuwa bado. Tuliondoka Usoke baada ya misa, lori likiwa jepesi, bibi harusi tumemwacha kwake. Fundi alikaa mbele, kati yangu na bibi. Kwa maili chache za kwanza wazee hao wawili walizungumza habari za misafara, wakilinganisha majina ya vituo ambavyo baba na babu zao walilala, na wakagundua kwamba huenda gobori lililolinda pembe za baba yake bibi lilipita mikononi mwa babu yake fundi. Hawakuwa na hakika, lakini wote wawili walifurahi. Kisha fundi akasinzia. Kichwa chake kiliteleza kikatua begani mwa bibi, kofia ikalala upande, na bibi hakusogea. Alinitazama tu, akaniashiria kwa mkono niende polepole kwenye mashimo. Nikapunguza mwendo.